Kwangu Inafanya Kazi

Saa mbili na robo asubuhi, Jumanne, birika linapiga mluzi na mwanamke aliyekaa mbele ya kompyuta analijibu bila kugeuka: "Nimekusikia." Ukiacha salamu aliyompa mwandishi mlangoni, hayo ndiyo maneno yake ya kwanza tangu jana jioni. Anazima jiko, anamimina chai, anarudi kwenye kiti ambacho mto wake umebonyea upande mmoja tu, kwa kuwa kwa miaka kumi na mmoja amekalia upande huohuo.

Kwenye kioo kuna namba: 41.

"Jana saa saba mchana ilikuwa elfu moja na mia tatu," anasema. "Mchawi yumo humu. Tutambana."

Ana umri wa miaka arobaini na tisa. Wenzake wa kazi humwita Bi Kishale, kwa sababu yeye ndiye mlezi wa zile amri zinazokisogeza kishale cha kwenye kioo: kwenda mbele neno moja, kurudi nyuma sentensi moja, kuruka aya. Zimejengwa ndani ya programu ya kuandikia, ya bure, ya zamani, isiyo na madoido, inayotumiwa na watu elfu kadhaa ambao wengi wao hawajui kwamba kuna mtu anayeitunza. Wakijua, ni kwa sababu kitu kimeharibika.

Na kitu kimeharibika. Mafundi wa programu wana jina la ugonjwa huu: kurudi nyuma. Kitu kilichokuwa kizima kinavunjika kwa sababu ya matengenezo yenyewe, kama mtu aliyekwenda kuziba jino akarudi na shavu limevimba. Dawa yake ya kupimia ni ya zamani na ni ya subira. Unachukua toleo zima la zamani na toleo bovu la sasa, unakata katikati ya mabadiliko yote yaliyofanywa baina yao, unajaribu. Kama katikati ni pazima, ubovu umo nusu ya mbele. Kama ni pabovu, umo nusu ya nyuma. Unakata tena. Kwa mabadiliko elfu moja na mia tatu, ni mikato kumi na mmoja. Kwa kompyuta yake kuukuu, kila mkato ni dakika arobaini za kungoja.

"Watu hudhani kazi hii ni ya akili nyingi," anasema akipuliza chai. "Ni ya makalio."

Yote yalianza wiki tatu zilizopita kwa ripoti iliyokuja na kichwa cha heshima: "Naomba kuuliza, huenda nimekosea mimi." Aliyeiandika alijitambulisha kuwa mzee wa miaka sabini na minane, mstaafu wa kituo cha simu, ambaye macho yake yalizimika miaka minane iliyopita. Kompyuta humsomea kwa sauti. Alikuwa akiandika kumbukumbu zake za kazi, na kila alipotaka kusikia sentensi aliyomaliza kuandika, alibonyeza amri ya Rudi Sentensi. Tangu toleo jipya, kishale hakikuwa kikirudi sentensi moja. Kilikimbilia mwanzo wa aya.

"Nasikilizishwa aya nzima ili nipate sentensi moja," aliandika. "Ni kama kurudishwa mlangoni kila unapotaka kukaa."

Bi Kishale alifungua programu yake, akaandika sentensi tatu, akabonyeza. Kishale kilirudi sentensi moja, kwa adabu zake zote. Akajibu kwa maneno matatu ambayo kila fundi wa programu duniani ameyasema walau mara moja, na huwa hayamponyi mtu: "Kwangu inafanya kazi." Akaifunga ripoti.

Baada ya siku tano mzee aliandika tena. Hakuwa na hasira. Alieleza hatua moja moja, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Bi Kishale akajaribu tena, mara kumi na mbili safari hii, na kila mara ilimtii. Akaandika: "Nimejaribu tena. Kwangu inafanya kazi." Akafunga.

Jumamosi likaja jibu la tatu, fupi kuliko yote: "Basi, mwanangu. Nitazoea."

"Sitakudanganya," anamwambia mwandishi. "Nilifurahi. Nilisema, afadhali, moja imetoka." Siku hiyo ripoti zilizokuwa zikisubiri zilikuwa mia nne na kumi na mbili, na walezi wa programu ni watatu tu.

Hakusomea kazi hii. Alianza akiwa mpiga chapa katika ofisi ya mawakili, mahali ambapo mashine moja ilitumiwa na watu wanne na programu ya kuandikia ilikuwa hii hii, kwa kuwa ilikuwa bure. Amri moja ilimkera. Akasoma kitabu cha maelekezo kilichokuja nayo, kurasa mia sita, wakati wa chakula cha mchana, kwa miezi saba. Alipomaliza aliirekebisha ile amri mwenyewe na kuwapelekea wenye programu. Walimjibu kwa neno moja, asante, na lile neno bado analo, amelichapa na kulibandika juu ya swichi ya taa.

Leo hulipwa kwa saa ishirini kila wiki na mfuko mdogo unaochangiwa na watumiaji. Yeye hufanya arobaini na tano. Kodi ya chumba humeza nusu ya kipato. Inayobaki, anasema, inatosha mtu mmoja asiye na makuu. Chumba kiko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la fundi cherehani. Kina dirisha moja, kitanda kilichotandikwa kwa kunyooshwa, viti viwili, na kimoja kati ya hivyo kina mrundo wa karatasi uliokaa siku nyingi kiasi kwamba mwandishi alipokaribishwa kukaa, mwenyeji alisimama kwanza akikitazama, kama aliyesahau kazi ya kiti.

Wenzake wawili wa kazi hajapata kuwaona wala kusikia sauti zao. Huandikiana tu. Mmoja wao alipofiwa na baba yake mwaka juzi, Bi Kishale alijua baada ya miezi minne, tena kwa bahati.

"Ninajua anavyokosea nafasi baada ya mabano," anasema. "Sijui kama ni mrefu au mfupi."

Aliye karibu ni fundi cherehani, mwanamume mwembamba mwenye mdomo usiopumzika. Akisikia hatua za Bi Kishale ngazini hupaza sauti juu ya mashine yake: "Dada, wewe na hiyo kompyuta mmeshafunga ndoa, au bado mnachunguzana?" Naye hujibu kila siku jibu moja: "Mahari haijatimia, fundi." Siku nyingine hayo ndiyo mazungumzo yote ya kutwa.

Na yuko binti. Ni mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, wakilala kitanda hicho hicho kilichonyooshwa. Sasa ni muuguzi katika mji wa mbali. Hupiga simu kila Jumapili saa kumi jioni, na Bi Kishale huanza kuiangalia simu tangu saa tisa.

Jumapili ile, siku moja baada ya jibu la mzee, binti alipiga.

"Mama Mdogo, wameniongezea mkataba. Miaka miwili. Likizo ya mwisho wa mwaka nayo imeyeyuka, sitaweza kuja."

"Hongera, mwanangu. Kazi ni kazi."

"Utakuwa sawa?"

"Usiwe na wasiwasi. Nitazoea."

Binti akasema, polepole: "Mama Mdogo, ukisema utazoea, mimi huwa najua umeumia."

Anapolisimulia hili, Bi Kishale anageuka dirishani. Chai inapoa. "Aliponiambia vile nikamkumbuka yule mzee," anasema. "Nilimwona amekaa mahali, mbele ya kompyuta kama mimi, anasomewa aya nzima. Na mimi nilifurahi kwamba amenyamaza. Niliona aibu, mpaka masikio yakawaka moto."

Jumatatu asubuhi aliifungua tena ripoti. Lakini kuifungua si kuitibu. Bado amri ilimtii kila alipojaribu. Saa tano alishuka kununua mkate akiwa amekunja uso, na fundi cherehani akamuuliza kama ndoa imevunjika.

"Kuna mzee ananiambia kitu kimeharibika," alimjibu. "Nakijaribu, kwangu kinafanya kazi."

Fundi alicheka mpaka akatoa pini mdomoni. "Umejipima mwenyewe? Dada, mimi nikijipima suruali za wateja, zote zitanienea. Na hivi nilivyo mwembamba, hata gunia la unga linanienea! Mwenye kiuno chake ndiye wa kupimwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Bi Kishale alipanda ngazi akiwa na mkate mkononi na hakuukata hadi jioni.

Kwani katika ukurasa wa kupokelea ripoti kuna tangazo la herufi nene, na yeye ndiye aliyeliandika, miaka tisa iliyopita: "Kabla hujalalamika, anzisha programu tupu." Tupu, yaani bila mapendeleo yako binafsi, bila viraka ulivyojishonea mwenyewe, ili ijulikane kama ubovu ni wa programu au ni wako. Ameshawaambia mamia ya watu maneno hayo. Amewahi kumfokea mtu kwa kutoyafuata. Yeye mwenyewe hakumbuki mara ya mwisho kuyafuata. Mganga hajigangi.

Akaanzisha programu tupu. Akaandika sentensi tatu, akabonyeza. Kishale kilirudi sentensi moja, vizuri tu.

Nusura akate tamaa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ripoti ije: alinakili maneno ya mzee mwenyewe, aya moja ambayo mzee aliiambatisha tangu siku ya kwanza kama mfano na ambayo hakuna aliyeifungua. Sentensi moja ya aya ile ilisema hivi:

"Nilipokuwa nikikaa mbele ya ule ubao wa nyaya za simu, taa ndogo zikiwaka moja baada ya nyingine, nilijua hata kabla ya kusikia sauti ni nani anampigia mkubwa wake wa kazi na ni nani anampigia mama yake, kwa sababu anayempigia mama yake hakati simu haraka hata asipopokelewa, huiacha ilie, ilie, mpaka mimi ndiye ninayeona haya kumwambia kwamba hakuna mtu."

Akabonyeza. Kishale kiliruka hadi mwanzo wa aya.

"Niliweka mkono mdomoni," anasema. "Wiki tatu! Mzee wa watu, wiki tatu nzima, namwambia kwangu inafanya kazi."

Ndipo akaanza kukata nusu kwa nusu, kumtafuta mchawi.

Jumanne hiyo, mwandishi akiwa pale, 41 inakuwa 21 kabla ya saa tatu. Inakuwa 11. Kati ya mkato na mkato hakuna la kufanya, na Bi Kishale anafagia chumba kisicho na vumbi. Inakuwa 6, inakuwa 3. Anaupanga mrundo wa karatasi uliotolewa kitini, kisha anaurudisha ulivyokuwa sakafuni. Inakuwa 2. Saa saba kasorobo badiliko moja linabaki kwenye kioo, na jina la aliyelifanya liko chini yake.

Anasoma. Anavua miwani, anaifuta, anaivaa.

"Ni mimi," anasema.

Miezi minane iliyopita mtu mmoja alilalamika kwamba amri ya Rudi Sentensi inakwenda pole kwenye mafaili makubwa. Bi Kishale akaipunguzia kazi kwa kushusha kikomo chake cha zamani: itafute mwanzo wa sentensi ndani ya herufi mia mbili tu, isipouona, isijisumbue, iende mwanzo wa aya. Chini akaandika maelezo, kama desturi ya kazi inavyotaka, nayo bado yapo: "Hakuna atakayehitaji zaidi ya hapa."

Katika mapendeleo yake mwenyewe, mstari wa thelathini na saba, kulikuwa na agizo alilojiwekea miaka sita iliyopita na kulisahau: tafuta bila kikomo. Aliliweka kwa sababu barua zake kwa binti, enzi binti akiwa chuoni, zilikuwa na sentensi zisizokwisha.

"Mtu anayekaa peke yake huandika sentensi ndefu," anasema. "Hakuna wa kumkatiza."

Hapo kazi ingeonekana imekwisha. Haikwisha. Ijumaa saa sita mchana toleo litakalodumu miaka miwili lilikuwa linafungwa, na kitu kisichoingia humo kingengoja lijalo. Bi Kishale aliwaandikia wenzake alasiri hiyo hiyo. Wa kwanza alijibu kwamba huo si ubovu bali ni uamuzi, tena wa Bi Kishale mwenyewe. Wa pili alikuwa mkali zaidi: programu itakuwa nzito tena, na aliyelalamika ni mtu mmoja tu.

Siku mbili alizitumia kutafuta njia ya kuwaridhisha wote. Aliipata Alhamisi jioni, mistari tisa: amri itafute karibu kwanza, isipopata iendelee kutafuta mbali, badala ya kukata tamaa. Akaipima kwenye mafaili makubwa. Wepesi ulikuwa uleule. Akaituma, na chini yake akaongeza maneno ambayo mwandishi ameruhusiwa kuyanukuu:

"Ni kweli aliyelalamika ni mmoja. Waliozoea hatujawahesabu. Ana miaka sabini na minane, msimwambie angoje miwili. Kosa ni langu."

Ijumaa asubuhi hakula. Saa nne, kimya. Saa tano, kimya. Fundi cherehani alipanda ngazi kwa mara ya kwanza tangu awe jirani, akachungulia mlangoni, akaona nyuso za Bi Kishale na mwandishi aliyekuwa amerudi, akashuka bila utani. Saa sita kasoro dakika nne kukaingia mstari mmoja kutoka kwa yule mkali: "Imeingia." Dakika moja baadaye akaongeza mwingine: "Hata mama yangu haoni vizuri siku hizi. Sikuwahi kumuuliza anasomaje." Bi Kishale aliutazama mstari ule kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama wa kwanza.

Chini kabisa ya ripoti ya mzee, tangu wiki tatu zilizopita, kulikuwa na namba na maneno haya: "Kama maandishi hayatoshi, nipigie." Kwa miaka kumi na mmoja Bi Kishale hajapata kumpigia mtumiaji yeyote. Kazi yao haina sauti. Alikunywa maji. Alisafisha koo. Aliijaribu salamu yake kwanza kwa birika, na hakuona haya kuonekana.

Simu iliita mara mbili.

"Namba gani, tafadhali?" ilisema sauti nzito ya mzee, kwa mtindo wa kituoni, na Bi Kishale akacheka ghafla, kicheko kilichokauka kwa kukaa bila matumizi. Mashine ya cherehani chini ikasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Ni yule aliyekuambia kwangu inafanya kazi."

"Ahaa," mzee akasema. "Na sasa?"

"Nilikuwa najipima mwenyewe, mzee. Nisamehe. Nimetuma toleo jipya."

"Nimeliweka saa saba. Ngoja, usikate." Vikasikika vidole vikitafuta kitufe, kisha ile sauti kavu ya kompyuta ikisoma: maneno ya taa ndogo, ya anayempigia mama yake, ya simu inayoachwa ilie, ilie. Ilisoma mpaka nukta, ikanyamaza.

"Umesikia?" mzee akauliza, na sauti yake haikuwa nzito tena. "Moja tu."

Walizungumza dakika kumi na moja. Mzee alitaka kujua chumba chake kinatazama wapi, na kama anakula mchana. Kabla ya kukata alimwambia kwamba namba yake anayo, asiifanye mapambo. Kisha chumba kikarudia ukimya wake, na Bi Kishale akakaa na simu mapajani akiishika kwa mikono miwili. Alilia kidogo. Alisema hajui kwa nini, kisha akasema anajua.

Mipango yake si mingi. Ameufuta mstari wa thelathini na saba, na kuanzia sasa kila Jumatatu atafanya kazi na programu tupu, kama ilivyo kwa mtu mwingine yeyote. "Kikiharibika, kiharibike mikononi mwangu kwanza," anasema. Zimebaki ripoti mia nne na kumi na moja. Kile kiti cha pili hajakirudishia karatasi.

Na kesho kutwa ni Jumapili. Saa kumi jioni binti atapiga, naye atamuuliza habari za huko, kama anavyouliza kila wiki.

"Nilikuwa nikimjibu njema, njema tu," anasema Bi Kishale, akimsindikiza mwandishi ngazini. "Safari hii nitamwambia kwangu haifanyi kazi. Aje, hata siku tatu."